Asteroidi inaitwa Pemba: ni Pemba yetu au ile ya Msumbiji?

#1 Mvuvi wa Wesha
Wakuu, salaam.

Nilikuwa napekua orodha ya asteroidi, yale mawe yanayolizunguka Jua katikati ya Mirihi na Mshtarii, nikakuta namba 1429 imeandikwa Pemba. Nikapanda mstari mmoja juu: 1428 Mombasa. Juu yake 1427 Ruvuma. Nikashuka chini: 1430 Somalia, 1431 Luanda, 1432 Ethiopia. Utadhani mtu katandika ramani ya Afrika mezani na kidole chake kinatembea.

Aliyeiona ni mwanafalaki Cyril Jackson, akiwa Johannesburg, tarehe 2 Julai 1937. Mie mtu wa Pemba na tangu nizaliwe sijapata kusikia mtu barazani akiitaja habari hii. Ninachotaka kujua: huyu bwana Pemba aliijuia wapi? Alipata kufika? Au si Pemba yetu kabisa, ni ile ya Msumbiji?

#2 Kambi Popote
Naweka kambi. Ngoja wajuzi waje.

#3 Kaka Ubao
Chai hii. Mawe ya angani ninayoyasikia mimi ni Apophis, Bennu, mambo hayo. Pemba nani aipeleke huko? Weka ushahidi.

#4 Darubini ya Mbao
@Kaka Ubao si chai, ipo na yeyote anaweza kuitafuta kwa namba yake. Apophis na Bennu zinatajwa sana kwa kuwa njia zake zinapita jirani na Dunia. Hii ya Pemba imekaa kwenye ukanda wenyewe, haimsumbui mtu. Ni jiwe la kilomita 10 hivi, linajizungusha mara moja kwa saa 20 hivi, na kumaliza duru moja ya Jua linachukua miaka minne na ushei. Kabla ya kupewa jina liliitwa 1937 NH.

#5 Mla Urojo
NH ndiyo nini tena? Herufi za majina ya mchumba?

#6 Darubini ya Mbao
Hahaha, hapana. Ni tarehe. Mwaka umekatwa vipande 24, kila nusu mwezi na herufi yake. A ni nusu ya kwanza ya Januari, B nusu ya pili, unakwenda hivyo, ila I inarukwa ili isichanganywe na 1. Ukifika N uko nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni foleni: H ni ya nane. Kwa hiyo 1937 NH ni kitu cha nane kuingizwa kwenye daftari katika nusu ya kwanza ya Julai 1937. Somalia ilikuwa NK na Mombasa NO, zote za tarehe 5, siku tatu baada ya Pemba. Kenya (1278) na Uganda (1279) zilikuwa 1933 LA na 1933 LB, za usiku mmoja, 15 Juni 1933.

#7 Bi wa Kibokoni
Hebu ngoja. Pemba ilionekana mwanzo, kisha Mombasa, na bado namba ya Mombasa iko mbele? Hapo nimefurahi. Mombasa haipangi foleni. Twambie na ukubwa basi.

#8 Darubini ya Mbao
Mombasa ni kubwa, kilomita 57 hivi, na nyeusi kama makaa. Inajizungusha kwa karibu saa 17. Ukiweka ncha moja ya jiwe hilo Mombasa mjini, ncha ya pili inafika karibu na Kilifi. Hili la Pemba ungelilaza kati ya Chake na Wete na barabara ikabaki.

#9 Bi wa Kibokoni
Alhamdulillahi. Mie sina la ziada, naaga.

#10 Mvuvi wa Wesha
@Bi wa Kibokoni usiage bado mama. Pemba ya hapa duniani ina urefu wa kilomita 67. Kisiwa chenu mtu anakizunguka chote kabla ya adhuhuri na bado akapata muda wa kunywa kahawa tungu. Jackson alishika ramani juu chini.

#11 Ngamiani Kati
Mbona Tanga haijatajwa? Ipo, namba 1595. Na iligunduliwa 1930, miaka saba kabla ya hizo zenu, Jackson akiwa na bosi wake Harry Wood. Sasa @Darubini ya Mbao nieleze, iliyoonekana 1930 inapewaje 1595 na ya 1937 ipewe 1429? Au Watanga tulionewa?

#12 Darubini ya Mbao
Hamkuonewa. Kuliona jiwe usiku mmoja si kulijua. Lazima lionwe tena na tena, njia yake ipigiwe hesabu mpaka mtu aweze kusema mwaka kesho litakuwa wapi. Likipotea kabla ya hapo, linasubiri mpaka mwingine alione tena. Namba hutolewa njia ikishaaminika, na jina hufuata namba. Ndiyo maana hata ule mpangilio wa Ruvuma, Mombasa, Pemba haufuati tarehe za kuonekana.

#13 Songea Moja
Sisi wana Ruvuma tunashukuru kwa heshima hii. Mkoa wetu uko angani.

#14 Mtoto wa Newala
@Songea Moja mwaka 1937 hakukuwa na mkoa wa Ruvuma. Hilo ni jina la mto, na mto ni wa Wamakonde.

#15 Songea Moja
Mto unaanzia milima ya Matogoro, hapa hapa Songea. Nyie mnapata maji tuliyokwisha nawia.

#16 Mtoto wa Newala
Na baharini unaingilia wapi? Tuanzie hapo.

#17 Msafiri wa Cabo
Habari zenu. Niko Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka wa nane sasa, biashara ya vitenge na nafaka. Naona mleta uzi kauliza swali la maana sana halafu watu wamekimbilia ukubwa wa mawe.

Mimi nasema ni Pemba ya Msumbiji. Mtu yuko Johannesburg, jirani yake ni Msumbiji. Orodha yake ina Sofala (1393) na Beira (1474), zote za Msumbiji. Ruvuma ni mpaka wa Msumbiji. Sasa kwenye mkusanyiko huo Pemba iwe ya Zanzibar kwa sababu gani?

#18 Mwalimu wa Zamu
@Msafiri wa Cabo hoja nzuri lakini ina tundu. Mwaka 1937 huo mji wako haukuitwa Pemba. Uliitwa Porto Amélia, jina la malkia wa Ureno, na ulibaki hivyo mpaka uhuru wa 1975. Jackson angefungua ramani ya enzi zake angekuta Porto Amélia, siyo Pemba.

#19 Msafiri wa Cabo
Mji, sawa. Ghuba je? Wareno walibadilisha jina la mji, ghuba ilibaki Ghuba ya Pemba kwenye ramani zao. Na kwa mtu wa bahari ghuba ndiyo yenye sifa, mji ni nyumba tu zilizokaa pembeni yake.

#20 Kaka Ubao
Zambia nako kuna Pemba, kwenye reli ya kusini kabla ya Choma. Nikoleze moto kidogo.

#21 Mvuvi wa Wesha
@Kaka Ubao wewe juzi ulisema chai, leo unagawa Pemba kwa majirani.

#22 Karani Mstaafu
Maelezo yanayotolewa kila mahali ni kwamba imepewa jina la kisiwa cha Pemba, Tanzania. Sijui tunabishania nini.

#23 Mwalimu wa Zamu
@Karani Mstaafu mimi naelekea upande wako, lakini soma kwa makini. Tanzania imezaliwa 1964. Sentensi yenye neno Tanzania haikuandikwa na Jackson mwaka 1937. Enzi zile majina na namba za asteroidi zilishughulikiwa na taasisi ya mahesabu ya nyota iliyokuwa Berlin. Baada ya vita kazi ikahamia Cincinnati, Marekani, na mwaka 1955 Paul Herget akakusanya maana za majina kwenye kitabu kimoja. Maelezo mengi ya majina ya zamani yamepitia hapo, kisha wengine wakayaandika upya. Kati ya Jackson na sisi kuna mikono mingi.

#24 Msafiri wa Cabo
Ahsante mwalimu. Hapo ndipo nilipotaka mfike.

#25 Karani Mstaafu
Hakuna mlipofika. Kitabu kilipotoka 1955 Jackson alikuwa hai na bado kazini. Kafa 1988. Angekuta wamemwekea Pemba siyo yake, angekaa kimya miaka 33?

#26 Msafiri wa Cabo
Wewe ukiona jina la mtaa wako limekosewa kwenye bili ya maji unaandika barua?

#27 Karani Mstaafu
Naandika. Nimeandika mara nyingi.

#28 Jiografia Pepo
Wakuu, mimi nina nadharia nyingine kabisa. Yatazameni majina yenyewe kwa mpangilio: Kenya, Uganda, Nyanza, Sofala, Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia, Zomba, Beira, Tanga, Ndola, Ruanda, Tana, Katanga, Kampala. Yote ya Jackson, au yake na mwenzake. Mnaona nini?

#29 Mla Urojo
Naona Afrika.

#30 Jiografia Pepo
Tazama mwisho wa kila jina. A, A, A, A mpaka chini.

Asteroidi ya kwanza, Ceres, ilionekana Palermo usiku wa 1 Januari 1801 na ikapewa jina la mungu wa kike wa Warumi. Zilizofuata nazo zikapewa ya miungu wa kike, miungu ilipokwisha wakaja wanawake wa kawaida, na ikawa desturi kwamba jiwe la ukanda huu liwe na jina lenye sura ya kike. Kwa Kilatini hiyo ni A mwishoni. Hata sehemu zilivikwa kanga: Wood pale pale Johannesburg alipoona ya kwake mwaka 1911 aliiita Transvaalia (715), na mji wa Manchester akaufanya Mancunia (758). Jackson karithi desturi hiyo, ila yeye kagundua kwamba majina ya Kibantu tayari yana A, hayahitaji fundi cherehani. Ndiyo maana kuna Mombasa hakuna Nairobi, kuna Tanga hakuna Dar es Salaam, kuna Pemba hakuna Zanzibar wala Lamu.

Kwa hiyo mleta uzi, jibu la swali lako ni kwamba Pemba ilipita kwa sababu ya herufi.

#31 Kambi Popote
Umetisha mkuu. Uzi ufungwe.

#32 Mtoto wa Newala
Usifungwe. 1490 Limpopo. Ni ya Jackson pia. A iko wapi?

#33 Ngamiani Kati
Na Unguja inaishia A, Kilwa inaishia A, Tanganyika inaishia A, na nchi nzima ndiyo ilikuwa inaitwa hivyo. Kwenye orodha yake hazimo.

#34 Jiografia Pepo
Limpopo namba yake iko mbali kidogo, desturi ilikuwa imeanza kulegea. Kilwa sina jibu. Desturi humwambia mtu asichague nini, haimwambii achague nini.

#35 Mjukuu wa Serang
Mimi nimekulia na hadithi za meli. Babu yangu alikuwa serang, yaani msimamizi wa mabaharia, akiwa kwenye meli za pwani hii tangu ujana mpaka meno yalipomwisha. Alikuwa na tabia ya kuhesabu bandari kwa vidole: Durban, Lourenço Marques (Maputo ya leo), Beira, Dar, Zanzibar, Tanga, Mombasa. Zilikuwa meli za Union-Castle zinazozunguka Afrika nzima, na watu wa Johannesburg walizijua kwa sababu matangazo ya safari yalikuwa magazetini. Beira, Tanga, Mombasa, Luanda: hizo ni bandari. Mimi naona huyu bwana alikuwa na tangazo la meli ukutani.

#36 Mvuvi wa Wesha
@Mjukuu wa Serang nimependa habari za babu, Mungu amrehemu. Lakini meli kubwa hizo Pemba hazikutia nanga. Karafuu zilipelekwa Unguja kwanza. Na Ruvuma meli ingeingia wapi, mchangani?

#37 Mjukuu wa Serang
Kwani abiria anaona bandari tu? Ukitoka Zanzibar kwenda Tanga au Mombasa, Pemba inakuwa upande wa kulia. Babu alisema usiku wa upepo wa nchi kavu harufu ya karafuu ilifika mpaka kwenye sitaha.

#38 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, mmesahau vita. Mwaka 1916 Afrika Kusini ilileta maelfu ya askari Afrika Mashariki, chini ya Jenerali Smuts, kumfukuza von Lettow, kamanda wa Wajerumani. Walitembea kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma, wengi wakaangushwa na malaria kuliko risasi. Walipotua nyumbani, majina ya Tanga na Ruvuma yalikuwa ya kawaida mdomoni mwao. Jackson alizaliwa 1903 Ossett, Uingereza, akaletwa Afrika Kusini mdogo. Wakati wa vita hivyo alikuwa kijana wa shule. Majina ya vita unayoyasikia ukiwa na miaka 13 hayafutiki.

#39 Ngamiani Kati
Shikamoo mzee. Naomba kusahihisha kidogo: vita vya Tanga vya Novemba 1914 vilikuwa vya askari wa kutoka India waliotumwa na Waingereza, na nyuki wakawasaidia Wajerumani. Waafrika Kusini walikuja baadaye. Nimezaliwa Ngamiani, hili tumelishwa na uji.

#40 Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba. Sikusema walipigana Tanga 1914. Nimesema jina lilikuwa mdomoni mwao. Soma tena.

#41 Simba wa Yuda
Mnakwepa la wazi. Ethiopia (1432) ilionekana 1 Agosti 1937. Majeshi ya Mussolini yalikuwa yameingia Addis Ababa mwaka mmoja tu nyuma, na Waafrika dunia nzima walikuwa wanalia. Na jirani yake kwenye orodha ni Somalia, ambako sehemu ya majeshi ya Kiitalia ilianzia. Mtu anaweka Ethiopia angani mwaka huo kwa bahati mbaya? Huo ulikuwa ujumbe.

#42 Darubini ya Mbao
@Simba wa Yuda tarehe ya kuonekana siyo tarehe ya kupewa jina. Nimeeleza #12. Jina huja baada ya namba, na kati ya hapo inaweza kupita miaka. Huwezi kuchukua siku ya kuzaliwa ukaifanya siku ya akika.

#43 Simba wa Yuda
Hata kama ni mwaka mmoja baadaye, Wataliano walikuwa bado wapo mpaka 1941. Hoja yangu imesimama.

#44 Darubini ya Mbao
Imesimama kwa mguu mmoja, sawa.

Niseme lingine ambalo hakuna aliyeuliza. Tazameni miezi. Kenya na Uganda Juni. Tanga Juni. Ruvuma Mei. Pemba, Mombasa, Somalia, Luanda, Tana Julai. Ethiopia Agosti. Sababu ni hewa ya Johannesburg. Mvua na radi zake ni za kiangazi chao, kuanzia Oktoba. Mei mpaka Agosti ni baridi kavu, mbingu haina doa na usiku ni mrefu. Na miezi hiyo, sehemu ya anga ambamo sayari na asteroidi hupita inakuwa juu kabisa utosini ukiwa kusini. Ulaya wakati huo huo usiku ni mfupi na sehemu hiyo imelala chini karibu na upeo. Kwa hiyo Jackson alikuwa na shamba ambalo wenzake wa Ulaya hawalifikii vizuri. Alivuna 72.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vioo vya picha. Kamera ya nyota ya Franklin-Adams inaelekezwa sehemu moja ya anga, inazungushwa polepole kuzifuata nyota, kioo kinakaa wazi kwa muda mrefu. Kikisafishwa, nyota ni vidoti, na kitu kinachotembea kinaacha kimstari kifupi au kinahama ukilinganisha na kioo cha pili. Kuna mashine inayokuonyesha vioo viwili kwa kupokezana haraka, kilichohama kinarukaruka mbele ya jicho. Kwa mashine ya aina hiyo, hapo hapo Johannesburg, Robert Innes aliipata Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua.

#45 Mla Urojo
Kwa hiyo Pemba ilikuwa kimstari.

#46 Darubini ya Mbao
Kimstari.

#47 Mwalimu wa Zamu
Nirudi kwenye majina. Mimi naona mnampa huyu mtu mawazo mengi kuliko aliyokuwa nayo. Aletta (1194) ni jina la mkewe. Pamela (1243) ni la binti yake. Kuna Africa (1193), kuna Chaka (1246), kuna Impala (1320), kuna Khama (1357). Mtu ana mawe zaidi ya 70 ya kuyabatiza, mke na mtoto wamekwisha pata yao. Anafungua atlasi. Alama ya vita, meli, herufi na jirani yake Mreno zote zimo humo humo ndani ya atlasi.

#48 Jiografia Pepo
Lakini atlasi ina majina elfu. Kwa nini hayo? Tunarudi kwenye A.

#49 Mtoto wa Newala
Tunarudi kwenye Limpopo.

#50 Mama Kalausi
Kinachoniudhi mimi ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Mtu kakaa na kamera yake, kachukua Mombasa, Kenya, Kampala, hata salamu hakutuma. Siku hizi angalau watu wanashirikishwa. Mwaka 2019 nchi mbalimbali zilipewa nyota ya kuipa jina. Kenya tukachagua Kalausi kwa nyota na Buru kwa sayari yake. Hata jina langu la humu linatoka hapo.

#51 Ngamiani Kati
Na Tanzania tulipata Mpingo, sayari yake Tanzanite. Nyota yenyewe ni WASP-71.

#52 Kambi Popote
Kwa hiyo Mpingo ni asteroidi?

#53 Mama Kalausi
Nyota, mwanangu. Soma.

#54 Songea Moja
Na kimondo cha Mbozi nacho kina namba?

#55 Darubini ya Mbao
Kimondo cha Mbozi kimekwisha anguka, kiko Songwe, kinapimwa tani 16 hivi. Namba ni za mawe yaliyo bado angani. Ila hujakosea sana kuuliza, vimondo vingi ni vipande vilivyomeguka kwenye mawe ya ukanda huu.

#56 Bi wa Kibokoni
Nimerudi. Kuna mtu katika nyumba yetu, shemeji yangu, aliletewa na mchumba cheti cha nyota yenye jina lake. Kimepigwa muhuri wa dhahabu, kimewekewa fremu, kiko sebuleni mpaka leo. Je, hicho ni cha kweli?

#57 Darubini ya Mbao
Fremu ni ya kweli. Umoja wa wanafalaki duniani hauuzi jina la kitu chochote, na asteroidi hazinunuliwi. Aliyegundua ndiye mwenye haki ya kupendekeza, ana miaka 10 tangu namba itoke, na kamati ndiyo inayokubali au kukataa. Jina lisizidi herufi 16, liwe linatamkika, lisiwe tusi, lisifanane mno na lililopo, lisiwe tangazo la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi lazima awe amekufa miaka 100 iliyopita. Wanyama wa kufugwa hawapendelewi, baada ya mgunduzi mmoja wa Marekani kulipa jiwe namba 2309 jina la paka wake.

#58 Bi wa Kibokoni
Simwambii shemeji. Ndoa yao ina amani.

#59 Kaka Ubao
Hiyo ya mwanasiasa miaka 100 ingeletwa kwenye majina ya barabara zetu.

#60 Mwalimu wa Zamu
Usituletee siasa humu, moda atafunga uzi.

#61 Nyayo za Ngong
Sisi Wakenya mmetusahau. Kenya 1278 ina sifa gani?

#62 Darubini ya Mbao
Kilomita 20 hivi. Sifa yake kubwa ni uvivu. Inajizungusha mara moja kwa saa 188.

#63 Ngamiani Kati
Saa 188! Karibu siku nane! Na huwa mnatuambia Wabongo ndio wa polepole!

#64 Nyayo za Ngong
Hiyo ni foleni ya Mombasa Road, tumeizoea.

#65 Mvuvi wa Wesha
Pemba saa 20, Mombasa 17, Kenya 188. Naomba watu wa takwimu waliweke hili kwenye kumbukumbu za Jumuiya.

#66 Mwalimu Ukutani
Wakuu, nimesoma uzi wote toka juu, ahsanteni. Mimi ni mwalimu wa fizikia na shule yetu ina klabu ya anga. Tuliwahi kuingia kwenye zile kampeni za kutafuta asteroidi, unaletewa picha za darubini za Hawaii, nne za sehemu moja zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Programu inazichezesha kwa zamu, na watoto wanatafuta kidoti kinachotembea. Sasa nimeelewa kwamba ni mchezo ule ule wa vioo vya Jackson. Intaneti yetu ilikuwa inakatika, picha moja ilishuka mpaka chai ya saa nne ikaisha, lakini kuna binti wa kidato cha pili alikuwa na jicho kali kuliko mimi. Akasema, "Mwalimu, hiki kinatembea na hicho ni uchafu." Kilikuwa kweli kinatembea, ila kilikuwa tayari kinajulikana.

#67 Mla Urojo
Na mngekipata kipya, jina lingekuwa la nani?

#68 Mwalimu Ukutani
Mpaka kipate namba ni miaka. Binti atakuwa na watoto wake. Lakini darasa lilianza kugombana siku ile ile.

#69 Mvuvi wa Wesha
Mkipata, mfikirieni Mkoani. Herufi sita tu. Micheweni tisa. Hata Chake Chake inaingia, kumi na nafasi moja.

#70 Msafiri wa Cabo
Na mkiipa jina Wete mwandike ni Wete ipi, msije mkatuletea uzi mwingine baada ya miaka 80. Ghuba bado sijajibiwa.

#71 Karani Mstaafu
Umejibiwa #25.

#72 Kambi Popote
Mimi napendekeza Pemba Mbili.

#73 Darubini ya Mbao
Pemba Mbili sidhani kama itapita, kamati itasema inafanana na iliyopo. Mkoani ina nafasi nzuri zaidi.

#74 Songea Moja
Matogoro pia ina herufi nane tu. Natangulia kusema.

#75 Mtoto wa Newala
Ulishapewa mto wote, tulia.